Jina la Maige Kwenye Faili

Skola mwanangu,

Umekwenda kusuka Kibaoni, na msusi wako namjua kwa maneno, hatakuachia kabla jua halijaanza kushuka. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba kama vile linataka kutoroka. Basi nimepata nafasi. Nimekaa mezani na lile daftari lako la chuo ulilosema nilitupe, kumbe lina kurasa nyingi safi, na ninakuandikia. Usicheke mwandiko.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaziandika. Hizo shangazi yako atakuimbia kesho mpaka basi liondoke, na zile atakazosahau atakupigia simu kabla hujafika Mikumi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka miwili, na nisipolisema leo utalikuta lenyewe huko uendako.

Unakwenda Mbeya kukaa meza ya waranti, kwenye kampuni ile ile iliyotuuzia trekta. Siku uliyopiga simu kusema umepata kazi, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Kisha nikaenda jikoni nikakaa kwenye kigoda. Baba yako akanifuata. "Vipi tena?" Nikamwambia, "Faili langu liko kwao." Akasema, "Basi mwambie mtoto," akatoka zake. Unamjua baba yako, hana maneno mengi, ila yale machache aliyonayo yote hunichoma mimi.

Kwenye faili hilo kuna barua ya mwandiko wangu, imepigwa muhuri. Inasema kwamba Maige, dereva wetu, ndiye aliyechezea mita ya masaa ya trekta. Skola, barua ile ni ya uongo. Aliyechezea mita ni mimi.

Haya, nimesema. Ngoja nipumue kwanza.

Wewe habari hii unaijua kama ninavyoisimulia kwenye harusi za watu. Wenye matrekta sita wa bonde letu walipanda basi wakaenda Morogoro, wakawabana wauzaji, wakarudi wametengenezewa mashine zao bure kama waranti inavyosema. Uliisimulia hata kwenye usaili. Uliniambia waliokuhoji walicheka, mmoja akasema mtoto wa mama wa namna hiyo ndiye tunayemtaka. Nilikushukuru kwenye simu huku nimefumba macho, maana uliyoisimulia ilikuwa nusu. Nusu nyingine ndiyo hii.

Trekta lilipofika kiti kilikuwa bado na nailoni yake, na mimi nikakataza isitolewe. Maige alilima wiki nzima anateleza juu ya nailoni, kila akigeuza anashika usukani kwa mikono miwili, na mimi nasimama kwenye tuta nimefurahi kama bibi harusi. Pamoja na trekta tulipewa kitabu cha waranti. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, tena mara mbili. Kilisema waranti ni mwaka mmoja au masaa kadhaa ya kazi, lolote litakalotangulia, na kwamba mita ikifika masaa hamsini lazima fundi wao aje kufanya sevisi ya kwanza. Ningekuwa sijui kusoma nisingeharibu kitu. Ujanja uliniingia kwa sababu nilisoma.

Kumbuka msimu ulivyokuwa. Mvua imeshalainisha udongo, watu wamepanga foleni mpaka barazani kwetu Viwanja Sitini, kila mmoja anataka shamba lake lilimwe leo. Nikapiga simu Morogoro kuuliza fundi atakuja lini. Wakasema siku nne au tano, barabara mbaya. Siku nne trekta lisimame! Nikakaa nikawaza. Masaa yakisimama, hamsini haifiki. Na hamsini isipofika, waranti nayo haipungui, inabaki mpya vile vile kama nailoni ya kiti. Nikajiona mimi ni mwerevu kuliko kiwanda kizima.

Unajua madereva wa huku wanavyofanya. Wanachomoa waya wa mita ili walime mashamba ya pembeni mwenye trekta asijue. Bonde zima linaujua mchezo huo, na kila mwenye trekta analala akiuogopa. Mimi nadhani ndiye mwenye trekta wa kwanza kujifanyia mchezo huo mwenyewe. Mchana mmoja Maige amekwenda kula kwa mama ntilie, nikapanda, nikafungua kifuniko nyuma ya dashibodi, nikachomoa waya. Ncha ilikuwa wazi, nikaogopa isije ikaleta moto, nikachana kipande cha kitenge changu nikaifunga. Mita ilikuwa inasoma thelathini na nane. Ikabaki hapo hapo msimu mzima.

Maige aliporudi alipanda, akawasha, akaendelea kulima. Nilidhani hajaona.

Kisha tukaingia kwenye majaruba ya mpunga, kuchavanga tope kabla ya kupandikiza. Unajua maji yanavyokuwa kule, yanafika katikati ya gurudumu. Siku ya tatu Maige akaja kwangu kwenye tuta, miguu yote tope. "Mama, difu ya mbele inalia. Tusimame tuiangalie." Nikamwambia amalizie kwanza shamba la mzee mmoja aliyesubiri sana. Akasema, "Mama, inalia." Nikasema, "Maige, malizia." Akarudi akamalizia. Jioni gurudumu la mbele la kulia likagoma kuzunguka kabisa. Alipofungua nati ya chini ya difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu, oili ikatoka nyeupe, chai ya maziwa kabisa. Maji yameingia ndani.

Fundi wa kampuni alikuja baada ya wiki. Anaitwa Kassim, mtu mpole, ana mvi za mapema. Asubuhi ile nilikuwa nimesharudisha waya mahali pake. Kassim akaangalia oili, akatikisa kichwa. Akapanda kitini akaangalia mita. Akashuka akaangalia matairi. Akapanda tena.

"Mama, matairi haya yamefanya kazi zaidi ya masaa arobaini."

"Udongo wa huku mkali," nikamjibu.

Akaniangalia tu, akaandika.

Nikaitwa Morogoro. Ofisi ndiyo kama hiyo utakayokaa wewe, meza ya kioo, feni, na nje yamepangwa matrekta yanang'aa. Meneja wa huduma akanikaribisha vizuri, akaagiza maji. Akasema matatizo ni mawili. La kwanza, nimeliingiza trekta kwenye maji mengi. La pili, mita imechezewa.

La maji lilinipandisha hasira. Nikamwambia, "Mliniuzia trekta la mpunga. Mpunga mlitaka niulime juu ya bati?"

Akacheka. "Mama, wateja wetu wote huko kwenu wanalima mpunga. Mwenye tatizo hili ni wewe peke yako."

Skola, hilo neno ndilo lililonimaliza. Ukiambiwa ni wewe peke yako unaanza kujikagua mwenyewe badala ya kukagua mashine, na mimi nikijikagua kosa nilikuwa nalo. Nikanywea palepale. Akauliza, "Na mita?" Nikasema, "Dereva." Lilitoka lenyewe. Akauliza jina, nikalitaja. Akasema, "Tuandikie basi, mama, na jina lake kamili." Akanipa kalamu yake mwenyewe. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Akaisoma, akaipiga muhuri, akaitia kwenye faili, akaniambia kwa upole, "Asante. Ila dereva ni wako, na kosa lake ni lako. Waranti imekufa."

Yaani hata uongo wenyewe haukunisaidia! Ningesema kweli matokeo yangekuwa yale yale, tena ningerudi nyumbani na dereva wangu.

Nilishaandika, ilibidi sasa nitende kama nilivyoandika. Nilimwita Maige uani, mbele ya baba yako na wateja wawili waliokuwa wanangoja zamu. Nikamwambia amechezea mita yangu na kazi imekwisha. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilishatafuta na maneno makali ya kumjibu. Akasema, "Sawa, mama." Akaweka ufunguo juu ya benchi, akavaa ndala zake, akaondoka.

Baba yako hakula siku ile. Alikuwa ameona kitenge changu kimechanika na alishaniuliza kimechanwa na nini.

Unaujua mji wetu. Kufikia Jumapili ile kila mwenye trekta alikuwa na habari kwamba Maige ni mchezea mita. Hakuna aliyempa usukani. Mtu aliyekuja hapa na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, akaacha ng'ombe akajifunza mashine mpaka akawa dereva anayegombewa, akaishia kufyatua matofali Lipangalala ili watoto wale. Na wewe ulipokuja likizo ukaniuliza anko Maige yuko wapi, nikakujibu huku nakatakata mchicha, bila kuinua macho, kwamba alikuwa mwizi. Uliniamini. Ulisema, "Jamani, na alivyokuwa ananifundisha kurudisha trekta nyuma." Ukaniamini mara moja, kwa sababu mimi ni mama yako. Hilo limenisumbua kuliko trekta, kuliko waranti, kuliko yote.

Sasa aliyenitoa shimoni ni Mwajuma. Wewe unamjua kama mwenye duka la Kibaoni anayekuongezea pipi, lakini yule mama ni moto. Trekta lake ni ndugu ya letu, yalikuja kwenye lori moja. Siku moja akaja hapa jasho linamtoka, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama Skola, difu ya mbele. Oili nyeupe."

"Wamekwambiaje?"

"Maji. Tena ni mimi peke yangu Kilombero nzima."

Tukatazamana. Mwajuma hakuwa na kosa hata moja. Sevisi zote amefanya, mihuri yote ipo kwenye kitabu, mita yake inakwenda kama saa ya ukutani. Na bado ni yeye peke yake! Nikamwambia, "Hebu kaa." Akakaa, nikamsimulia yangu. Nilimsimulia kama nilivyoandika, na Maige ndani yake.

Duka lake linauza soda, na hakuna dereva wa trekta asiyepita pale. Ndani ya wiki mbili Mwajuma alikuwa amewapata wengine wanne: wawili Mngeta, mmoja Mlimba, mmoja ng'ambo ya mto, Lupiro. Wote oili nyeupe, na wote waliambiwa ni wao peke yao.

Mwajuma mwenyewe alikuwa ameshachoka kungoja, akakubali kulitengeneza trekta lake kwa gharama yake. Kassim akaja na vifaa. Mwajuma akakaa kwenye ndoo pembeni anaangalia kila kitu, unajua macho yake. Kassim akatoa sili ya zamani, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye difu, akaiweka chini. Akafungua pakiti akatoa mpya. Mwajuma akaziokota zote mbili.

"Fundi, hii mpya ina midomo miwili. Ya zamani ina mmoja."

"Ndiyo, mama. Zimebadilishwa."

"Nani kabadilisha?"

"Kiwanda."

"Mtu habadilishi kitu kizuri. Kwa nini wamebadilisha?"

Kassim akaomba maji ya kunywa. Akanywa kikombe kizima polepole. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kiwanda kilishaleta waraka ofisini, sili ya mdomo mmoja haifai kwenye majaruba, ibadilishwe kwa kila atakayelalamika. Mwajuma akaitia ile sili ya zamani kwenye pochi yake, akaifunga zipu. Wewe sasa unakwenda kukaa upande wa pili wa meza, na nyaraka za namna hiyo utazipokea wewe. Ikiwa karatasi ya kiwanda iko kwenye droo yako, usimtazame mtu machoni ukamwambia ni yeye peke yake. Mwambie chochote kingine, mwambie umechoka, mwambie arudi kesho, lakini hilo usimwambie.

Tukapanda basi watu sita. Njiani tulikuwa na raha, tunataniana, yule mzee wa Lupiro anasema akirudi bila difu hatavuka mto, atahamia Ifakara kwetu tumlishe. Meneja alipotuona tunaingia kwa pamoja uso ulimbadilika kidogo, lakini akajikaza. Akasema, "Karibuni. Naomba mmoja mmoja ofisini." Mwajuma akamjibu, "Hatuingii mmoja mmoja, baba. Hatukuja kuungama." Akafungua pochi akaweka sili ya zamani mezani, na pembeni akaweka mpya, ile ya akiba iliyobaki kwenye pakiti ya Kassim. Akauliza, "Waraka wa kiwanda uko wapi?"

Nilidhani tumemaliza. Meneja akavuta mafaili yetu, akaanza kupekua. Akalikuta langu.

"Sawa," akasema. "Tuzungumze. Huyu mama hapa mita yake ilichezewa na dereva. Ameandika mwenyewe, jina hili hapa." Akamgeukia Mwajuma. "Na wewe, kwenye taarifa yako umeandika wiki ya kwanza trekta lako liliendeshwa na nani?"

Mwajuma akanitazama. Wiki ile ya kwanza mimi ndiye niliyempa Maige akamfundishe dereva wake.

"Maige," akasema meneja. "Ni huyo huyo. Sasa nitaamini vipi masaa yenu? Pengine yote yamechezewa. Mafaili haya itabidi yachunguzwe upya, moja moja, na hilo litachukua muda."

Wote wakanigeukia. Hawakunitazama vibaya, Skola, na hilo ndilo lililoniua. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeibiwa. Mzee wa Lupiro akanong'ona, "Madereva hawa!" Na mimi nikaona wazi kwamba karatasi ile, niliyoiandika kujiokoa, inakwenda kumnyima Mwajuma haki yake, Mwajuma ambaye hakukosea hata nukta. Na Maige ambaye hayupo hapo anahukumiwa mara ya pili, safari hii kwa matrekta mawili.

Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama, ningeweza kusema nimekaa.

"Maige hakugusa mita. Nilichomoa mimi. Kwa mkono huu."

Mwajuma akasema, "Wewe Mama Skola?" Nikasema, "Mimi." Nikaeleza yote, masaa hamsini, foleni, kitenge, yote. Mzee wa Lupiro akashika kichwa. Meneja akavua miwani.

"Mama, unaelewa unachosema? Kwa maneno hayo waranti yako imekufa kweli."

"Ife yangu. Hao wengine mita zao ni nzima."

Aibu niliyoipata siku ile usiombe. Lakini hapo hapo, ndani ya aibu, nilisikia kifua kimefunguka. Miezi yote ile nilikuwa napumua nusu nusu na sikujua.

Aliyesema kilichofuata ni Kassim. Alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli yake, hakuna aliyemwita. "Bosi, kwa ruhusa yako. Sili hii ingepitisha maji hata kwenye saa la tano la kazi. Mita ya mama haihusiani na difu." Meneja akamtazama kwa jicho kali, nikamhurumia Kassim. Kisha akatoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda wa kutosha watu kumaliza soda. Aliporudi alikuwa amechoka, akasema difu tano zilizobaki zitatengenezwa bure, yangu ikiwemo, na gharama ya Mwajuma itarudishwa. Ila kwa trekta langu waranti iliyobaki imefutwa, kikiharibika kingine ni juu yangu. Nikasema ni haki. Na kweli ilikuwa haki. Yule meneja si mtu mbaya, Skola. Alikuwa mtu mwenye waraka kwenye droo na wakubwa juu yake. Utamwelewa kuliko mimi.

Nikamwomba anirudishie barua yangu niichane. Akasema karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki. Nikaomba nyingine, nikaandika ya pili, nikasema ya kwanza ni ya uongo, Maige hana kosa. Ziko zote mbili mle. Kampuni yenu ni moja, na siku yoyote unaweza kulifungua lile faili. Sikutaka uikute ya kwanza ukiwa peke yako mezani, na mteja amekusimamia.

Kwenye basi la kurudi wale wengine waliimba. Mwajuma alikaa na mimi, hakunisemesha mpaka Kidatu. Tulipofika Kidatu akanimegea muhogo wake. Basi yakaisha.

Nilikwenda Lipangalala kesho yake asubuhi. Maige alikuwa anapanga matofali, akanawa mikono, akanitolea kiti. Mke wake akasimama mlangoni, hakunikaribisha, na sikumlaumu. Nikasema yote. Nilishajiandaa kulia, lakini machozi hayakutoka, yalitoka maneno tu.

Maige akasema, "Mama, nilijua. Niliporudi kula siku ile niliona kitenge chako kwenye waya."

"Kwa nini hukusema uani, mbele ya watu?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye mwenye trekta. Nani angeniuliza?"

Nikamwomba arudi kazini. Akasema hapana, mama, asante. Hakunisema vibaya, ila hapana. Nikamwambia sawa. Nilizunguka kwa wenye matrekta wote, nyumba kwa nyumba, nikajitangaza. Wengine walicheka, mmoja alinitukana, sawa tu. Ndani ya mwezi Maige alikuwa anaendesha kwa Mwajuma, na ndiko aliko hadi leo. Akipita na trekta ananipungia mkono. Nimelala vizuri tangu wakati huo, uzito nilioongeza ni huo.

Nimekwenda kwa kila mtu, Skola, ila nimekuruka wewe. Kila ukipiga simu nasema wiki ijayo. Ulikuwa unanisifu, na mimi nilipenda kusifiwa na wewe. Hilo ndilo kosa la mwisho la habari hii, na leo limekwisha.

Juzi nilikutana na Maige dukani, nikamwambia umepata kazi wapi. Alifurahi kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie akiona jina la dereva limeandikwa kwenye karatasi, ampigie simu huyo dereva." Basi, hakuongeza. Nikakumbuka kwamba katika mambo yote yale, barua na muhuri na kikao cha Morogoro, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumpigia Maige simu. Namba yake ilikuwa imeandikwa pale pale chini ya jina. Niliiandika mimi.

Kuna jambo nililiona Krismasi na nikanyamaza. Ulikutana naye njiani, karibu na mashine ya kukoboa. Akasema, "Skola, umekua mwanangu!" Wewe ukapita kama umepita mti. Mtu mwenye umri wa baba yako mdogo. Wewe ambaye hata vichaa wa sokoni unawaamkia. Alisimama pale mkono umebaki juu, na mimi nilikuwa nyuma yako hatua kumi, nikaangalia pembeni.

Kesho asubuhi kirikuu cha Mwajuma, kile kigari cha mizigo, kitakuja kukuchukua na mizigo yako kukupeleka stendi. Maige ndiye atakayeendesha. Nilimwomba mwenyewe, akasema, "Nitampeleka." Sijamwambia kama nimekuandikia, na sitapanda na nyie. Utakaa mbele, karibu naye. Ukifungua mlango usingoje akusemeshe. Mwambie shikamoo.

Mama yako